Watoto watano, chumba kimoja na boksi la friji

Watu wakisikia kwamba ninalea watoto watano wa watu katika chumba kimoja Kariakoo, hawaniulizi wanakula nini wala wanalala wapi. Wananiuliza wanachezea wapi. Swali ni la haki. Nje ya mlango wetu kuna mikokoteni, maguta, bodaboda, wabeba marobota wanaopiga kelele wapishwe, na spika za wauza nguo zinazoanza kunguruma mapema asubuhi. Mtoto wa miaka mitatu akichomoka hapo unaweza kwenda kumkuta Msimbazi kwenye njia ya mwendokasi. Au usimkute.

Chumba changu ni futi 10 kwa 12. Kipo katika moja ya nyumba za Kiswahili zilizobaki mitaa ya huku, zile za vyumba sita, korido katikati na ua nyuma. Kulia kwetu ghorofa, kushoto ghorofa. Kila nyumba ya namna hii inapobomolewa, pamoja na matofali kunaondoka ua mmoja ambao watoto wa nyumba nzima walikuwa wanachezea. Sisi tuliokulia hapa miaka ya 1980 tulicheza rede barabarani, gari likija tunapisha, likipita tunaendelea na magoli yetu. Kombolela tulicheza mpaka tunaitwa kwa majina ya ubini. Leo barabara ile ile imepangwa bidhaa pande zote mbili, na katikati hata mtu mzima anapita kwa ubavu.

Kwa hiyo nafasi ni tatizo, sikatai. Lakini baada ya miaka 11 ya kazi hii naona kuna mambo mawili makubwa kuliko nafasi. La kwanza ni kelele. La pili ni mtu mzima anayeamini kwamba mtoto anayecheza anapoteza muda wake.

Wazazi wangu, maana nawaita hivyo, ni watu wa sokoni. Mmoja anauza vitambaa, mmoja ni mama lishe, mmoja ni baba machinga ambaye mwenzake hayupo, wawili wameajiriwa madukani. Wananilipa shilingi 2,000 kwa siku, na siku ambayo biashara imelala wananiambia "shangazi, kesho". Wasingekuwa na mahali pa kuwaacha, hawa watoto wangeshinda chini ya meza za bidhaa. Mzazi unayefanya kazi huku unajua ninachosema, umeshawaona.

Niseme la runinga niondokane nalo. Ninayo, na inazimwa saa 2 asubuhi mtoto wa kwanza akishatulia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019: mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe kabisa mbele ya runinga au simu, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, tena ikipungua ndiyo bora. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kwa siku. Saa tatu hizo! Katika futi 10 kwa 12. Ndipo boksi linapoingia.

Kariakoo tunaweza kukosa maji, tukakosa umeme, lakini maboksi hatujawahi kukosa. Kila alasiri maduka yanayatoa nje, na wakusanyaji wanapita kuyakunja ili wakayauze kwa kilo. Ukitaka boksi uende kabla yao, kama saa 9, na uombe kwa adabu. La friji nililipata kwa shilingi 1,000 kwa sababu kijana alikuwa ameshalikamata, akaniambia, "Mama, hii ni riziki yangu." Nikamlipa riziki yake.

Lilikaa wiki tatu. Siku ya kwanza hawakufanya chochote cha maana, waliingia wote watano wakakaa humo gizani wanacheka. Sikuwaelekeza. Siku ya pili wakaniomba dirisha, nikakata kwa kisu pale waliponionyesha, wao wakiwa wamekaa kitandani mpaka kisu kikarudi juu ya kabati. Likawa duka. Wiki iliyofuata likawa daladala, konda akiwa mtoto wa mama lishe, ananing'inia dirishani anaita abiria wa Mbagala. Baadaye likawa mwendokasi, na mtu haingii mpaka agusishe kadi, ambayo ilikuwa kipande cha boksi la dawa ya meno. Lilipolegea nikalikata vipande vya ukubwa wa sinia, tukavitandaza sakafuni vikawa visiwa na sakafu ikawa bahari. Kuruka kutoka Mafia hadi Pemba bila kulowa ni mazoezi kamili ya miguu, na hayahitaji zaidi ya hatua sita. Mwisho vile vipande vikawashia jiko la mkaa.

Boksi lina masharti yake. Lipitishe mkono kote kwanza, ndani na nje, kutafuta zile pini za chuma za kufungia. Bandua utepe wote wa plastiki na uutupe. Na soma lilikuwa la nini. La biskuti, la nguo, la viatu, la friji, karibu ndani. La dawa ya wadudu, la betri au la vilainishi vya gari halivuki kizingiti changu hata likiwa zuri namna gani.

Kile kipindi cha duka ndicho kilichonipa mtihani. Mama wa vitambaa ana mtoto wa miaka minne. Jioni moja akaniambia, tena kwa upole, "Shangazi, wenzake wa pale ghorofani wana madaftari, wanaandika a, e, i, o, u. Wa kwangu kila siku anarudi na vumbi la maboksi. Nafikiria Januari nimpeleke kule." Kule ni kituo chenye sare na ada ya muhula, na mimi ningebaki na watoto wanne, yaani shilingi 8,000 badala ya 10,000. Sitajifanya kwamba hilo halikuniuma. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba yule mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuhesabu, na mama yake hakuwa na namna ya kuliona.

Sikubishana naye. Nilimwomba siku moja afunge meza dakika 20 mapema, aje akae mlangoni, asiseme kitu.

Alikuta duka limefunguliwa. Mwanawe ndiye mwenye duka, bidhaa ni makopo matupu ya nyanya, pakiti za majani ya chai na vipande vya vitambaa ambavyo yeye mwenyewe hunipa. Pesa ni vizibo vya plastiki vya chupa za maji. Mteja akatoa vizibo vitano kununua kitu cha vizibo vitatu, na mwenye duka akarudisha viwili, bila kunyanyua vidole. Kisha akaja yule wa miaka mitatu anataka kuchukua bila pesa. Mwenye duka akaweka mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya mama yake kabisa, hata ule mvuto wa mwishoni: "Leo sikopeshi, la jana hujalipa!" Mama wa watu alicheka mpaka akajifunika khanga usoni.

Daftari alimnunulia vilevile, Jumatatu mtoto akaja nalo. Analitumia kuandika madeni. Kila mteja ana mstari wake wa vijiti, na usijaribu kumdanganya.

Kuhusu penseli, wazazi wengi hawaambiwi hili: kabla kidole hakijaweza kushika penseli kinahitaji nguvu, na nguvu hiyo haitoki kwenye penseli. Inatoka kwenye kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo, kukanda donge la unga, kuchambua maharage, kuchana karatasi, kufunga na kufungua kifuniko cha kopo. Hayo yote ni kazi za nyumbani ambazo unazifanya hata hivyo. Mimi nikichambua maharage ya mchana, wakubwa wawili wanachambua nami, na mawe wanayoyapata wanayahesabu kwa fahari kama dhahabu ya Geita. Wadogo siwapi maharage, nitasema kwa nini.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 ya mkataba huo inataja kucheza kuwa ni haki ya mtoto, sawasawa na nyingine. Desemba 2021 Serikali ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu mimba hadi miaka minane, na ujifunzaji wa awali umewekwa humo pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Maneno ni makubwa. Kwa tafsiri yangu ya uani, malezi yenye mwitikio ni kwamba mtoto akikuuzia kopo tupu, unalipa.

Sasa kelele. Katika nyumba yetu kuna mzee ambaye ni mlinzi wa usiku. Analala kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, na ukuta wake ni ukuta wetu. Mwaka ulioanza kwa kelele za rede ya soksi kwenye korido uliishia kwa mwenye nyumba kuniita, akaniambia, "Mwanangu, chagua. Chumba au watoto wa watu." Alikuwa na haki, na mzee alikuwa na haki, na watoto nao walikuwa na haki. Nilimwomba wiki mbili.

Nilichofanya ni kupanga siku kwa usingizi wa mzee. Asubuhi ni michezo ya chini kwa chini. Mdako, kwa wale wakubwa, wanarusha kete moja juu na kukusanya kokoto kabla haijarudi. Vibanio. Kufunika kitu chini ya kitambaa na kukitambua kwa kupapasa: ni kijiko, ni sega, ni ndimu? Kula mbakishie, kwa sauti ya kunong'ona, na kunong'ona kwenyewe kunakuwa mchezo. Hema la khanga mbili zilizofungwa kati ya kitanda na kabati, humo ndani mtu akiingia anaongea kidogo kidogo tu, sijui kwa nini, ila ndivyo ilivyo. Visiwa navyo vinaruhusiwa asubuhi kwa sharti kwamba anayetua kwa kishindo anarudi bara. Saa 8 mzee akiamka, korido ni yetu. Rede kwa mpira wa soksi iliyojazwa vitambaa, usioumiza na usiovunja. Kuruka vyumba vilivyochorwa kwa chaki. Ule mchezo wa kutaja wanyama, anayeliwa watoto wanaruka, asiyeliwa wanatulia, akitajwa mbwa mtu akaruka basi kuna kicheko cha kutosha nyumba nzima. Wapangaji wamezoea: saa 8 hadi 10 ni fujo, nje ya hapo ni amani. Mwenye nyumba hajaniita tena.

Kuna mtoto mmoja alikuja kwangu akiwa na miaka miwili na nusu, akiwa hasemi. Alikuwa ameshinda miezi mingi chini ya kaunta na simu mkononi, kwa sababu mama yake asingeweza kuuza na kumkimbiza kwa wakati mmoja. Mtoto mtulivu, kila mteja alimsifu. Nilimwambia mama yake wampeleke kwanza kliniki wapime masikio, maana mtoto aliyefika umri ule bila maneno hasubiriwi tu kwa kuambiwa "wa kiume huchelewa". Masikio yalikutwa salama. Kwangu hakupewa simu. Wiki ya kwanza alilia kuitafuta, wiki ya pili alikaa pembeni akitazama duka. Akaanza kuleta vizibo bila neno, na yule mwenye duka wetu, ambaye si mvumilivu, akagoma kumuuzia: "Sema unataka nini!" Siku hiyo hakusema. Siku nyingine, sikumbuki ilikuwa ya ngapi, akaweka kizibo mezani kwa kishindo akasema: "Buku!"

Buku moja, neno lake la kwanza kwetu. Mama yake nilipompigia alinyamaza kwenye simu nikafikiri imekatika. Sasa anaongea sana, na mengine ni matusi ya sokoni ambayo tunayashughulikia.

Maji. Dar hii ya Januari, hakuna mchezo unaowatuliza watoto kama beseni la maji uani, vikombe vitatu, chujio na chupa iliyotobolewa. Maji si ya bure kwetu, tunanunua dumu la lita 20, kwa hiyo yanayochezewa ni nusu ndoo na yakimalizika yanapigia deki au yanakwenda chooni. Lakini hapa sina utani: siondoki. Simu ikiita inaita mpaka ichoke. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika goti lake, na anazama kimya bila kupiga kelele. Nikilazimika kuinuka, beseni linamwagwa kwanza. Na mapipa ya uani yana vifuniko vyenye jiwe juu muda wote, tucheze au tusicheze.

Sasa maharage. Kati ya watano, mmoja ana miezi tisa. Kila kitu kwake ni chakula. Kipimo changu ni kile kigogo cha karatasi ya chooni kikiisha: kitu chochote kinachopita katika tundu lake ni kidogo mno kwa aliye chini ya miaka mitatu. Vizibo vinapita. Kete za mdako zinapita. Kwa hiyo duka linafunguliwa kitandani kwa wakubwa, na yule wa miezi tisa anakuwa chini kwenye mkeka na makopo, kijiko cha mbao na vitambaa vya kuvuta kutoka kwenye kopo lenye tundu. Anavuta, narudisha, anavuta. Anaweza kufanya hivyo nusu saa na ukadhani ameajiriwa. Midoli ile ya bei chee inayowaka taa naichukia kwa sababu moja, zile betri ndogo bapa kama kitufe. Zikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache. Mtoto akiimeza ni hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Kama mdoli una betri na kifuniko chake hakina skrubu, mzazi wangu, usiniletee.

Mara moja kwa wiki tunakwenda viwanja vya Mnazi Mmoja, kwa ajili ya miti na ya kukimbia bila kugonga kitanda. Mtihani ni kuvuka Lumumba. Nina kamba ya katani yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake, mdogo mgongoni kwangu kwa khanga, na binti yangu nyuma kabisa. Asiyeshika fundo safari inasimama, hata kama tupo mlangoni. Binti yangu asipokuwepo hatuendi, walie wasilie.

Wewe unayemwachia mtu mtoto wako, uliza kama serikali ya mtaa inamjua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na afisa ustawi wa jamii si mtu wa kuogopwa. Kwangu alikuja akahesabu vichwa, akatazama choo, jiko na mlango, akaniambia nihamishe jiko la mkaa mbali na mlango wa uani. Nimehamisha. Kisha uliza mtoto amecheza nini leo, usiulize kama ametulia. Jibu likiwa "hana shida, anatazama katuni tu", kaa hapo kidogo uulize tena.

Ninachowaomba wazazi wangu kila Jumamosi ni kitu kimoja kitupu kilichooshwa: kopo, kigogo cha uzi kutoka kwa fundi, kipande cha kitambaa, boksi la viatu. Na wewe mwenye duka la vifaa vya umeme unayesoma hapa, kama una boksi la friji linakusumbua mlangoni, tafadhali usiliuze kwa kilo kabla ya saa 9. Nitapita.